Diwani wa Ngazi za Padri

Arlette Mosgrove aliwanyoa wanaume wa Tolliver kwa miaka mingi hivi kwamba alizijua nundu za vichwa vyao kuliko wake zao, na uongo wao kuliko Mungu. Kinyozi katika mji kama ule hahitaji redio. Mwanaume akishafungwa shuka shingoni na kusikia mkasi karibu na sikio, anasema. Wachache husema kuhusu wake zao, lakini hao ni wageni waliohamia juzi. Mtu wa Tolliver akikaa kwenye kiti cha Arlette alizungumzia kondoo.

Si kondoo wa kufugwa. Hao tumewaachia wenye mashamba na subira. Ni wale wa porini, wenye pembe nzito zinazojikunja kuzunguka mashavu, wanaoishi kwenye magenge ambako mtu mwenye akili zake haendi, na ndiyo maana wanaume wetu wote wamekwenda, au wanasema wamekwenda. Serikali ya Idaho hutoa vibali vichache mno kwa droo, na ukishampata dume wako mmoja umemaliza, huwindi mwingine mpaka uzikwe. Kwa hiyo watu huanza kuomba kabla ya kuota ndevu na huendelea mpaka meno ya bandia. Mchungaji wetu huwaombea wagonjwa, wajane na walioingia kwenye droo, kwa mpangilio huo, na sauti yake hupanda akifika kwa hao wa mwisho, maana naye yumo.

Arlette aliyasikia yote hayo huku akipunguza visogo. Alijua nani alikosa dume gani, kwenye genge gani, na kwa kisingizio gani, upepo, jua, risasi mbovu, mke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye ameona nini.

Na alikuwa ameona. Jumapili, watu wakienda kanisani, Arlette alitoa kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, akaendesha gari mpaka pale barabara inapoukaribia mto, akasimamisha darubini ya marehemu mumewe Hoyt kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza ng'ambo. Ng'ambo kuna magenge yaliyopangana kama ngazi, na tunapaita Ngazi za Padri, ingawa padri hajawahi kufika huko wala hakuna aliyemwalika. Hapo ndipo alipomjua Diwani tangu pembe zake zikiwa kama vidole gumba.

Jina alimpa yeye mwenyewe. Dume yule alishinda amelala juu ya mwamba mpana, akicheua, macho nusu yamefumba, vijana wamemzunguka wakingoja atoe uamuzi ambao hakuwahi kuutoa. Alikuwa na pengo kwenye pembe ya kushoto, mahali alipogongana na mwenzake majira fulani ya baridi, na alitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi bila mpinzani. Arlette alimpenda. Na alitaka kumpiga risasi. Mgeni akituuliza hayo mawili yanakaaje ndani ya moyo mmoja, huwa tunamwongezea kahawa tu.

Sasa, kwetu jina la dume mkubwa unaweza kulitaja hata hadharani. Unaweza kueleza manyoya yake, kovu lake, na namna anavyokojoa. Mahali anapolala hutaji. Mtu akibanwa sana hunyanyua kidevu na kusema, "Upande wa kule," na kidevu chake huwa kimeelekea nusu ya Idaho. Watu wamevunja uchumba kwa sababu ya kutaja korongo. Arlette hakuwahi kutaja, kwa sababu hakuna aliyefikiri ana cha kutaja, isipokuwa shemeji yake Verlin.

Verlin alikuwa mdogo wake Hoyt. Masharubu mazito, miguu mifupi, utani usiokwisha, na nyumbu wawili waliozaliwa kwa punda na farasi waliokosa haya. Nyumbu hao ndio waliokuwa miguu ya mji mzima, maana makorongo yetu hayaingiliki kwa gari. Mtu akiangusha mnyama kule chini, anamwita Verlin. Arlette alipomzika Hoyt, Verlin ndiye aliyemletea kuni, ndiye aliyeziba paa lake, na ndiye aliyembembeleza aingie kwenye droo.

"Jaza na wewe, shemeji," alimwambia siku moja, sabuni imemjaa shingoni. "Angalau nikikosa niwe na mtu wa kulia naye."

"Mimi nitalilia nini? Ndiyo kwanza naanza."

"Ndiyo hivyo. Utaanza kulia ukiwa bado na nguvu."

Verlin alikuwa ameomba tangu ujana wake, kila mwaka, bila kuruka hata ule aliolazwa hospitali. Arlette aliomba mara moja. Majibu yalipotoka, jina la Mosgrove lilikuwemo, na kwa muda mfupi sana, Verlin akiwa amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega lake, alidhani ni la kwake.

Mji ulipokea habari hizo kwa heshima ya msibani. Mara wanaume wetu wakawa hawana nywele za kupunguza. Wengine walikwenda kunyolewa mji wa jirani, wakarudi na vichwa vilivyokuwa adhabu tosha. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza mbele ya watu kama kompyuta ya serikali inajua kutofautisha mwanamke na mwanaume. Ni Verlin peke yake aliyeingia dukani akicheka, akamkumbatia Arlette, akamshikilia kidogo zaidi ya kawaida, akasema, "Nyumbu wangu ni wako. Mgongo wangu ni wako. Hoyt angetoka kaburini kunichapa nikikuachia uende na mtu mwingine."

Jioni hiyo, Arlette akiwa anakanda mkate, alimwonyesha. Alitandaza unga mezani, akachora kwa kidole mto, magenge, na kwenye ngazi ya tatu akaweka tundu: chini ya msonobari ulioinama, penye chemchemi, Diwani hujificha hapo jua likiwa kali, na hata ukisimama ng'ambo na darubini nzuri humuoni, unaona mkia tu ukifukuza nzi. Verlin alitazama kwa muda mrefu. Kisha Arlette akaufuta ule mchoro kwa kiganja, akaurudisha unga kwenye donge.

"Sasa tumeila siri," alisema Verlin mkate ulipoiva.

Kiangazi kile misitu iliungua upande wa magharibi na moshi ukajaa korongoni. Jumapili kadhaa Arlette alikaa kwenye kiti chake akatazama ukungu wa kijivu na kunywa kahawa. Hakuwa na wasiwasi. Verlin alikuwa akimletea habari.

"Moto umeruka mto, shemeji. Radi imepiga Ngazi za Padri, majani yote yamekwisha. Wamevuka, wako Tumbo la Ng'ombe."

"Umewaona?"

"Nyayo. Na mgongo huu wangu haujaniruhusu kuingia korongoni tangu masika, lakini nyayo naziona hata kutoka kwenye daraja. Kubwa hivi. Za mtu mwenye cheo."

Tumbo la Ng'ombe ni bonde pana upande huu wa mto, lina majani, lina vumbi, na lina kila kitu ambacho Diwani alikidharau. Arlette alishangaa kidogo. Lakini wanyama hukimbia moto, na aliyesema ni Verlin.

Msimu ulipofunguliwa waliingia na nyumbu wawili, Otis aliyebeba mizigo na Priscilla aliyembeba Arlette, maana magoti ya Arlette yalikuwa yameshasimama sana nyuma ya kile kiti. Walipiga kambi kwenye mdomo wa Tumbo la Ng'ombe. Kutwa walilala kifudifudi wakichungulia miteremko. Waliona majike. Waliona watoto. Waliona dume mmoja mchanga aliyekuwa akijaribu kupanda jiwe kwa mapenzi.

"Huyo ni wa kabila lenu," alisema Arlette.

"Hapana, huyo ameshaoa," alijibu Verlin, akammiminia kahawa.

Alikuwa mtu mzuri wa kukaa naye porini, hilo hakuna atakayemnyang'anya. Alipika maharage na nyama ya kukausha, akamfunga Arlette magoti kwa kitambaa cha moto, akamsimulia jinsi Hoyt alivyowahi kumfuata dubu akidhani ni mama yao amevaa koti jeusi. Arlette alicheka mpaka akashika mbavu. Kila jioni alimuuliza, "Tungejaribu ng'ambo?" na kila jioni Verlin alitikisa kichwa kwa huruma. "Majivu matupu kule. Utaumiza magoti bure. Subiri, shemeji. Diwani hana haraka, nawe usiwe nayo."

Siku moja alasiri mlio ulipasuka mbali, ukagonga kuta za korongo, ukarudi mara mbili. Arlette aliinua kichwa kutoka kwenye darubini.

"Mwamba umeanguka," alisema Verlin, taratibu, bila kugeuka.

Arlette alizaliwa kwenye korongo lile. Alijua mwamba unavyoanguka, unavyokokota changarawe nyuma yake, na alijua kwamba kilicholia hakikukokota kitu. Alijua, na akarudisha jicho kwenye darubini, kwa sababu kuna watu ambao ukianza kuwapima maneno yao, itabidi uanze kuipima na sakafu kabla ya kuikanyaga.

Asubuhi iliyofuata Verlin aliamka akiwa ameshika tumbo. Maharage yake mwenyewe yalikuwa yamemgeukia, jambo ambalo Arlette alilifurahia kidogo. Akamwacha kwenye hema, akampanda Priscilla aende kutazama mdomo wa bonde kabla jua halijachoma.

Pale njia inapogawanyika, moja kwenda juu Tumbo la Ng'ombe na nyingine kushuka kwenye kivuko cha mto, miwani ya Arlette ilikuwa imejaa vumbi. Akazilegeza hatamu shingoni mwa nyumbu, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Alipoivaa tena, Priscilla alikuwa ameshageuka kulia na maji yalikuwa yanamfika magotini.

Anayemjua nyumbu anajua kwamba hana mawazo ya safari. Ana kumbukumbu za chakula tu. Ukimwachia hatamu anarudi mahali alipolishwa vizuri mara ya mwisho, na anakwenda kwa mwendo wa mtu anayeamini atalishwa tena. Arlette alishika hatamu ili amrudishe. Kisha akakumbuka ule mgongo wa Verlin ambao haujaingia korongoni tangu masika. Akaziachia.

Priscilla alivuka mto bila kuuliza. Akapanda njia nyembamba ya ng'ambo kama anayepanda ngazi za nyumbani kwao. Pande zote mbili majani yalikuwa yamesimama, ya manjano, marefu, hayajaguswa na moto wala na mdomo wa ng'ombe. Arlette aliyatazama yakipita karibu na miguu yake. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu anayepapasa meno yake kwa ulimi baada ya kuanguka.

Chini ya Ngazi za Padri palikuwa na kambi ambayo ungeweza kuifanyia harusi. Mahema makubwa ya turubai, meza yenye kitambaa, jiko la bomba. Mpishi kijana mnene mwenye aproni aliinua macho kutoka kwenye kikaango, uso ukamchanua.

"Priscilla, mrembo wangu, umerudi?" Akachukua chapati ya maji iliyokuwa ikipoa, akaikunja, akampelekea mdomoni. "Huyu bila asali hali, nimemdekeza mwenyewe." Ndipo akamwona aliyempanda. "Samahani, mama. Verlin yuko wapi?"

"Anaumwa tumbo," alisema Arlette.

"Pole yake. Basi mwambie koti lake limefika."

Ndani ya hema mtu alisogeza kiti, akatoka bwana mrefu wa makamo, ndevu zimechongwa na kinyozi ghali, hilo Arlette aliliona kabla ya yote. Alikuwa Bwana Lathrop wa Texas, mtu mwenye visima vya mafuta na uso wa mtoto, aliyepata kibali chake kwa mnada, mahali ambapo droo haina kazi kwa kuwa anayetaja bei kubwa ndiye anayewinda. Aliposikia jina la Arlette alivua kofia. Akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mama Mosgrove. Sikutegemea ungekuja mwenyewe. Sijui nianzie wapi kukushukuru."

"Anzia popote."

"Verlin alinieleza yote. Kwamba umemwangalia dume yule tangu mdogo. Kwamba magoti yamekukatalia, na ukasema afadhali aende kwa mtu atakayemheshimu kuliko afe kwa uzee. Nimewinda nchi nyingi, mama. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hilo." Macho yalimlenga machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, hilo ndilo lililomchosha Arlette kuliko mengine. Angekuwa mshenzi tu ingekuwa nafuu. "Njoo umwone."

Kichwa kilikuwa juu ya gogo, kivulini, kimefunikwa kitambaa cheupe. Bwana Lathrop alikifunua polepole kama anayemwonyesha ndugu wa marehemu. Pengo lilikuwepo kwenye pembe ya kushoto. Macho yalikuwa nusu yamefumba, kama kawaida yake.

"Alikuwa chini ya msonobari ulioinama," alisema yule bwana. "Kama alivyosema Verlin. Tuliona mkia tu."

Arlette alitazama. Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha, na mtu yule wa uso wa mtoto angeharibikiwa maisha yake yote na kichwa kile ukutani. Mnyama alikwisha kufa, na aliyemuuza hakuwa pale.

"Mkubwa," alisema hatimaye.

"Nitaandika jina lako chini yake, kwenye kibao."

"Liandike vizuri. Arlette lina t mbili."

Mpishi alimletea kahawa, hakuinywa. Alimletea na koti, la kijani, zito, kifuani limetariziwa jina la kampuni ya waongozaji wa wawindaji na, chini yake, kwa uzi wa dhahabu, Verlin. Arlette alilikunja mbele yake kwenye tandiko. Priscilla alikataa kuondoka mpaka alipopewa chapati nyingine.

Verlin alikuwa nje ya hema akichemsha maji alipomwona anakuja kutoka upande wa mto. Alisimama. Hakuuliza alikotoka.

"Tumbo limepoa?" alisema Arlette.

"Kidogo."

"Vaa basi, usipigwe na baridi." Akamrushia lile koti.

Verlin alilidaka. Akalifungua, akalitazama kifuani. Alipitisha kidole gumba juu ya uzi wa dhahabu kabla ya kujizuia, na Arlette akakiona kile kidole.

"Wameandika vizuri," alisema Verlin. Halafu akakaa chini.

"Shemeji, nisikilize."

"Nasikiliza. Ndiyo kazi yangu."

"Wamesema watanichukua. Niwe mwongozaji, wa kudumu. Si mchukuzi wa nyama za watu. Mwongozaji, Arlie. Walitaka niwaonyeshe dume mmoja tu wa maana, kuonyesha kwamba najua."

"Na ulikuwa hujui."

Verlin alisukuma kuni motoni kwa buti.

"Ulikuwa hujui hata mmoja," alisema Arlette, "ukachukua wangu. Hilo nalielewa, nimewanyoa wezi wengi. Nieleze hili lingine. Hili la kunifunga magoti na vitambaa vya moto. La kunichekesha. Siku zote hizi nimelala na tumbo langu kwenye mawe, natazama majike, nawe uko pembeni unanimiminia kahawa ukingoja mlio ulie."

"Sikutaka uone vibaya."

"Mwamba umeanguka, Verlin?"

Alijifunika uso kwa lile koti. Sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Nimeomba tangu sijaota ndevu. Kila mwaka. Wewe mara moja. Mara moja tu, tena mimi ndiye niliyekushika mkono ukabonyeza kitufe cha maombi. Nikaona Mosgrove nikadhani..." Akalishusha lile koti. "Watu wote walikununia wakaenda kunyolewa kwa yule mchinjaji wa jirani. Mimi ningefanyaje? Mimi ndugu. Nilitakiwa kucheka. Nikacheka, na kila nilivyocheka ndivyo roho ilivyoniuma."

"Ungeniambia."

"Niseme nini?"

"Useme, Arlie, nakuonea wivu, sikupendi wiki hii. Ningekutukana. Halafu ningekupikia."

"Nani anasema maneno kama hayo kwa mtu?"

"Kila mtu, Verlin. Mji mzima wanayasema pale kwenye kiti changu. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unaleta utani."

Shida ya korongo ni kwamba huwezi kutoka ukabamiza mlango. Msimu ulikuwa umebakiza siku mbili, kibali cha Arlette kilikuwa mfukoni, na nyumbu walikuwa wa Verlin. Kwa magoti yale asingeweza kutoka kwa miguu, sembuse na nyama mgongoni. Usiku walilala ndani ya hema moja, migongo imeelekeana, na asubuhi alikula maharage ya mtu aliyemuuza, kwa sababu yalikuwa ndiyo maharage yaliyokuwepo. Verlin alijaribu utani mmoja kuhusu Otis. Ulianguka katikati yao, ukabaki pale pale.

"Turudi nyumbani?" aliuliza.

"Nina kibali," alisema Arlette. "Kuna madume wengine."

Walivuka mto, wakapanda kwenye ukingo wa Ngazi za Padri, juu ya ile kambi ya harusi iliyokuwa ikifungwa. Siku ya mwisho, jua likiwa limeanza kulegea, Arlette alimwona. Ng'ambo ya mpasuko wa korongo, kwenye kibega cha mwamba mwekundu, dume mpana wa shingo, pembe moja imechakaa ncha. Hakuwa Diwani. Lakini alikuwa dume mzima, mwenye miaka yake, amelala, na hakuwa ameuzwa kwa mtu yeyote.

Alilala chini, akaweka bunduki juu ya begi, akamweka dume ndani ya darubini ya bunduki. Verlin alijilaza kando yake, akatoa kile kifaa chake cha kupimia masafa, kisichozidi ukubwa wa sabuni, akakiweka jichoni. Dume alisimama. Akajinyoosha, akageuka ubavu, akatazama juu, kule ambako hatua chache tu zingemtoa machoni pao.

"Yadi mia tatu na hamsini," alinong'ona Verlin. "Lenga juu ya mgongo wake, kiganja kimoja cha hewa."

Arlette aliona mia mbili. Mia mbili na kidogo. Alijua kwamba korongo hudanganya, hewa yetu ni safi mno na cha ng'ambo huonekana kama kiko ukumbini. Alijua hilo tangu utotoni. Lakini ile sauti iliyosema mia tatu na hamsini, taratibu, karibu na sikio lake, ilikuwa sauti ile ile iliyosema majivu matupu kule. Ilikuwa sauti ya mwamba umeanguka.

"Arlie. Mia tatu na hamsini. Chukua, tazama mwenyewe." Alimsogezea kile kifaa. Kukichukua ni kutoa jicho kwenye bunduki, na dume alikuwa amenyanyua mguu.

Arlette alilenga katikati ya bega la dume, akafyatua.

Vumbi jekundu lilitimka chini ya tumbo la dume, kiganja kimoja chini. Dume aliruka mara moja, akapanda mwamba kama aliyevutwa kwa kamba, akapotea. Mlio ukagonga kuta, ukarudi, ukaisha.

Verlin alikirudisha kile kifaa mfukoni.

"Imepita chini," alisema Verlin.

"Nimeona."

"Nilikuwa nasema kweli, shemeji. Naapa kwa kaburi la Hoyt. Hii nilikuwa nasema kweli."

"Najua," alisema Arlette. Alitoa ganda la risasi, akalitia mfukoni. "Sasa najua."

Kwetu ukishapiga lazima uvuke ukatazame, hata kama una hakika umekosa, maana mnyama aliyejeruhiwa akiachwa ni aibu isiyooshwa. Verlin hakungoja aambiwe. Aliacha koti, akateremka mpasuko kwa makalio na mikono, mawe yakimtangulia. Arlette alimfuata kwa darubini. Alimwona akipotea chini, akamwona tena upande wa pili, mdogo kama mdudu, akipanda kwa magoti. Alifika kwenye kile kibega chekundu. Akakitambaa chote, pua karibu na mwamba, akigeuza jiwe moja moja, akirudia mahali alipokwisha kupita. Alikagua kwa bidii ambayo Arlette hakuwahi kumwona nayo kwenye kazi yoyote, hata siku ya kuziba lile paa.

Kisha akasimama. Akavua kofia, akapishanisha mikono juu ya kichwa. Hiyo ni ishara yetu. Hakuna damu.

Arlette hakuinua mkono kujibu.

Verlin alingoja. Akapishanisha mikono tena, kwa upana zaidi, akaishikilia hivyo hewani. Ndani ya darubini uso wake ulikuwa umelowa, na darubini nzuri kiasi hicho bado haiwezi kukuambia ni jasho au ni nini.

Arlette aliikunja miguu mitatu ya darubini. Akafunga vitambaa vyake vya magotini, akavikaza. Akachukua fimbo, akatafuta pa kuweka mguu wa kwanza, akaanza kushuka ili akatazame mwenyewe. Ng'ambo, Verlin aliishusha mikono. Akakaa juu ya jiwe, kofia mapajani, akamngoja.